Waya Zangu Zitaingia Wapi?

Leo nimetoka duka moja hapa Lodwar na laptop nzito kama tofali, na sijuti!

Muuzaji aliniletea nyembamba ya pinki. "Dada, hii ndiyo ya wanawake."

Ati ya wanawake!

Mimi hurekodi kwaya za wakimbizi kule Kakuma. Nikamwekea kwa kaunta kadi ya kamera, flashi na waya wa projekta. "Haya, chomeka."

Akaigeuza, akaigeuza. Matundu mawili madogo tu. Hakuna kilichoingia.

Akamgeukia mume wangu, aliyesimama nyuma yangu. "Mzee, wewe unaonaje?"

"Mimi nimekuja kubeba tu."

Nikachukua ile nene: matundu pande zote, RAM kubwa ili isikwame nikikata video, nafasi ya kwaya zote za Pasaka.

Mzee akabeba.

Na wewe dada, yako ulichagua ama ulichaguliwa?