Mbuzi Waliohesabiwa

Mwalimu Gacheri alipoletwa Banissa kutoka Meru, kitu cha kwanza alichofanya ni kuitupa fimbo ya darasani. Wenzake wakamcheka, wakasema jua la huku litamrudishia akili. Wapi! Mama huyu alikuwa na imani yake, na aliishika kwelikweli: mtoto asikubali jambo kwa sababu mkubwa amesema, bali alijaribu, alione kwa macho yake, ndipo aliamini.

Siku moja akawauliza watoto wana mbuzi wangapi nyumbani. Hakuna aliyejua. Lul, binti wa miaka kumi na mmoja, aliyewashinda wote kwa akili, aliwataja wa kwao kwa rangi na majina, mmoja mmoja, lakini idadi hakuwa nayo. Gacheri akafurahi, maskini, akidhani ameona pengo. Akawatuma wakahesabu zizini. Hakumwuliza mtu yeyote kwa nini wafugaji hawa hawahesabu mifugo yao kwa sauti. Lul akahesabu, akaandika: sitini na wawili.

Mvua ikakosa. Ikakosa tena. Mbuzi wa Jelle, babake Lul, wakabaki saba, na Lul akaacha kuja shule.

Gacheri alikwenda kwao kwa miguu, roho mkononi. Alimweleza Jelle kwamba ukame umeua mifugo hata ya wasiohesabu. Akamsihi amwachie mtoto. Angemlaza kwake, angemlisha yeye, mradi asome. Lo, alivyoomba siku ile! Hakuona haya hata kulia mbele ya mwanamume mgeni. Jelle akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, mimi shule sijakataa," akasema. "Kesho tunahama, tunafuata maji. Lakini huyu mwenyewe ndiye hataki kubaki. Muulize."

Lul alikuwa akifunga mikeka. Gacheri akachuchumaa, akamshika mikono, akamwambia hakukosa kitu, hesabu haiui mnyama.

"Nilihesabu, wakafa," Lul akajibu polepole. "Wewe ulisema tuamini tuliloliona wenyewe."

Gacheri akaiachia ile mikono. Mtoto akamtazama kwa huruma, kisha akamwomba jambo.

"Kesho asubuhi, Mwalimu, usiwahesabu wenzangu darasani."