Poda Iliyomwagwa Mapema

Papa Apariteri ametutoka. Ndivyo tulivyomwita karani aliyeandikisha wanafunzi na kubandika orodha ukutani katika chuo kikuu chetu hapa Kisangani. Habari ilinifikia Jumanne nikiwa na kikombe cha chai mkononi, na chai ikapoa humo humo. Leo nilikusudia kuzisema tena barabara zetu, lakini barabara zitangoja, zimezoea.

Mwaka ule niliomba nafasi ya udaktari. Mama, muuza pondu, majani ya muhogo, sokoni Mangobo, alikuwa ameshawatangazia wateja wake kwamba mwanawe ni daktari; ningekataliwa, ingembidi ahame soko. Orodha ilipobandikwa tulikwenda ukoo mzima, tonton, mjomba wangu, mbele na mikebe miwili ya poda, maana kwetu anayefaulu humwagiwa poda kichwani hadi mamaye asimtambue. Umati ulikuwa umeubana ukuta, na mimi ni mfupi. Tonton akaninyanyua, nikaliona jina langu, la nne kutoka chini, nikapiga kelele. Basi! Mikebe yote miwili ikaniishia kichwani. Shangazi zangu wakaimba, mama akalia, mimi nikapiga chafya kama mbuzi. Wakati huo huo Papa Apariteri akatoka na kopo lake la gundi, akaniuliza taratibu, “Mutoto, ulisoma kule juu?”

Kule juu paliandikwa kwamba hao ni wenye dossier, yaani faili, pungufu, na asiyekamilisha kabla ya saa tisa nafasi yake atapewa mwingine. Ukoo mzima, na hakuna aliyesoma mstari wa kwanza! Wanafunzi walicheka hadi wakashika matumbo. Mama alikaa chini kwenye saruji. Papa Apariteri hakucheka. Alifungua daftari lake, akapitisha kidole, akanionyesha baiskeli yake. “Bon, inakosa photo tu. Panda.”

Mpiga picha alitaka ninawe kwanza. Papa Apariteri akakataa, akasema saa haingoji maji. Nyuma yangu palikuwa na kitambaa cheupe, kwa hiyo picha ilitoka na macho mawili na meno. Tukarudi mbio, naye akaibandika kwenye faili kwa gundi ile ile ya orodha. Udaktari wenyewe sikuumaliza, damu ilinishinda, ndiyo maana mnanisoma hapa. Mama huwaambia wateja kwamba mimi ni daktari wa magazeti.

Siku hizi orodha huja kwenye simu, na vijana bado wanarukia majina yao kama nilivyoruka mimi. Hilo nalisamehe, furaha haina subira. Ninalolalamikia ni ofisi zetu. Zimejaa watu hodari wa kukuambia unakosa karatasi gani, kisha wanafunga dirisha. Mzee huyu alikuwa na dirisha kama wao, tena na sababu kubwa ya kucheka kuliko wao wote, akachagua kukanyaga baiskeli. Ukimkuta mtu ameshangilia mapema, usimcheke. Muulize anakosa nini, kisha umpakie baiskelini.

Matangani juzi mama, mzee sasa, alipita katikati yetu hadi kwenye jeneza, akatoa mkebe wa poda kwenye kitenge. Watu wakanitazama, nimzuie. Akaumwaga wote, polepole. “Huyu,” alisema, “dossier yake haikosi kitu.” Nikapiga chafya, nikalia, wala sikunawa.