Antena ya Spès na Mkono wa Bertrand

Hasira hasara, husema watu ambao hawajawahi kuharibiwa kazi ya miaka miwili. Siku hiyo ya mwaka 2013 Spès alishuka kwenye taksi katikati ya Durban akiwa amefura, wala hakutaka kupoa.

Spès, Mrundi aliyepanga chumba kule mtaa wa Point, alikuwa anasomea shahada ya pili ya uhandisi. Alibuni antena ndogo kama kadi ya benki, inayonasa bendi tatu za mawimbi pale ambapo wengine wangeweka antena tatu. Uwezo wake ulikuwa kwenye pete za shaba zilizochorwa juu ya kibao, kila pete ikiachiwa mwanya mwembamba kama uzi. Bila mianya hiyo, pete ni mapambo tu. Alimpelekea binamu yake Bertrand, fundi simu, amlehemie kiungio cha waya tu, kwa kuwa mkono wa Bertrand hautetemeki.

Asubuhi hiyo, mlangoni mwa chumba cha vipimo cha chuo, ndipo alipofungua kifurushi alichorudishiwa na Bertrand. Kila mwanya ulikuwa umezibwa kwa lehemu, safi, inang'aa. Alipima hivyo hivyo kwa kukosa la kufanya, antena ikanasa bendi moja. Zamu nyingine ya chumba kile ingepatikana baada ya ufadhili wake kwisha.

Dukani kwake, Bertrand alimpokea kwa tabasamu. "Ilikamata vizuri, dada?"

"Umeniua," Spès akasema, na wateja wakageuka. "Nani alikutuma kuziba?"

"Nilikuta njia zimekatika-katika. Simu ikija hivyo, naunga. Nimeinamia ile kitu mpaka shingo inauma."

"Zilitakiwa zikatike. Ndiyo kazi yenyewe. Mtu mwenye akili angeuliza kwanza."

Bertrand akachomoa pasi yake ya kulehemu ukutani. Sasa naye alikuwa amekasirika.

"Niliuliza. Hapa hapa, mbele ya wateja, nikakuuliza hii kitu iko inafanya nini. Ukanijibu, 'Wewe tengeneza simu zako.' Eish, Spès. Nimetengeneza."

Spès alitaka kumtukana. Lakini alikumbuka vizuri kwamba alisema hivyo, kwamba wateja walicheka, na kwamba aliona raha.