Ukoko wa Waridi na Maji ya Ndiva

Nakumbuka siku moja ya kiangazi kule Bombo, milimani Upare, mwanangu, nikiwa bado msichana wa kubeba mtungi, mzee mmoja alitusimamisha juu ya tuta la ndiva akatusema mpaka tukabaki kutazama vidole vya miguu yetu. Nitakufikisha huko, usiwe na haraka. Lakini niache nianzie hapa sebuleni kwangu Same, mbele ya boksi la kioo lenye maji ya chumvi, maana bila boksi hili maneno ya yule mzee ningekwenda nayo kaburini.

Najua unacheka. Bibi wa Kipare na bahari, wapi na wapi? Bahari yenyewe niliiona nilipokwenda Tanga kumzika dada yangu Nakijwa, na sikuipenda, inapiga kelele kama watu wasio na adabu. Aliyeniletea bahari nyumbani ni mwanangu wa mwisho, Elibariki. Kazi yake huko Tanga ni kutunza samaki wa maonyesho kwenye hoteli. Baba yake, Zefania, alipofariki, na nyumba ikawa kimya hata ukitia chumvi kwenye mboga unaisikia ikianguka, Elibariki alikuja na boksi lile, akapanga ndani yake mawe meupe makavu, akatia mchanga, vipande viwili vya matumbawe na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe. Akaniambia, "Mama, sasa hutakaa peke yako." Kisha akaondoka.

Jirani yangu Mwanahawa, anayeuza maandazi pale stendi, alikuja kutazama siku ileile.

"Shikamoo bibi. Hawa watakuwa kitoweo lini?"

"Marahaba. Siku utakayonichinjia yule beberu wako anayekula kanga zangu kwenye kamba."

"Basi hawa watazeeka!"

Tulicheka, akaenda zake kukanda unga. Baada ya hapo ilibaki sauti ya pampu inayozungusha maji ya boksi. Unajua, mwanangu, hata sauti ya pampu mtu huizoea. Umeme ukikatika ndipo unajua ulikuwa unazungumza na nani.

Sasa, Elibariki alikuwa na hamu moja. Alitaka mawe yale meupe yavae ukoko wa waridi. Si rangi ya kupaka. Ni mwani wa baharini, mgumu kama chokaa, unatambaa juu ya jiwe polepole kama ukoko unavyoshika sufuria ya wali. Ukishatanda, yale majani mabaya ya kijani hayapati pa kushika, na mawe yanaacha kufanana na mifupa. Mbegu yake haitoki chupani, hilo alinieleza vizuri. Ilitoka kwenye kijiwe kidogo alichokileta kutoka boksi la hotelini, kimefunikwa waridi upande mmoja, akakiweka katikati ya wenzake kama mgeni. Dawa alizoniachia ni za kulisha tu kile kilichokwisha kupandwa.

Dawa zenyewe ni chupa. Mimi darasa nililiacha mapema nikalee wadogo zangu, kwa hiyo alizifunga nyuzi. Yenye uzi mwekundu ni ya chokaa. Yenye uzi wa bluu ni ndugu yake magadi, nawe unajua magadi yanavyofanya kwenye makande: kidogo yanalainisha, ukizidisha unakula sabuni. Ipo na ya tatu, haina uzi, inaitwa magnesiamu, alinitamkisha mpaka ulimi ukauma. Hiyo anaitia mwenyewe akija. Kazi yangu ilikuwa nyekundu asubuhi, bluu alasiri, matone machache kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pale pampu inapotoa maji kwa nguvu ili yasambae. Zisikutane kabisa zikiwa nzito, maana zitashikana. Na maji yakipungua kwa joto la Same, nijazie maji ya mvua, kwani chumvi haipandi na mvuke, inabaki.

Nilitia. Sikuacha hata nilipougua mafua. Mwanzoni Elibariki alikuwa akipiga simu jioni: "Mama, umetia?" Kisha jioni zikaachana. Kisha simu ikawa ya sikukuu. Na alipokuja, alikuja na gari limejaa: mchele, sukari, kanga, godoro ambalo sikuliomba. Gari lilijaa, ila yeye mwenyewe alikuwa nusu. Nusu nyingine ilikuwa kwenye simu.

Pasaka alikuja hivyohivyo. Akaweka mizigo, akainama mbele ya kioo.

"Mama, mbona mawe bado meupe? Unatia dawa kweli?"

"Natia, baba."

"Basi unatia kidogo mno. Ningekuwepo hapa yangekuwa yamejaa."

"Ungekuwepo," nikasema.

Labda neno lile lilimchoma. Alichukua chupa ya uzi mwekundu akamimina, kisha ya uzi wa bluu papo hapo, yeye mtu wa kazi ile, aliyenifundisha mwenyewe zisikutane. Mapenzi yenye deni hayasomi maandishi ya chupa. Maji yakageuka tui. Samaki wakapanda juu, midomo wazi, matumbawe yakajikunja kama ngumi. Elibariki akasimama mikono ikining'inia.

"Mama, nimeharibu. Nilitaka nikikuacha niwe nimekufanyia kitu."

Hapo ndipo Mzee Kiure, yule wa juu ya tuta, aliponijia akilini pale sebuleni, ingawa miaka yote hii amelala kaburini Bombo.

Ndiva, kwa usiyeijua, ni bwawa la udongo na mawe waliloacha babu zetu mlimani. Kijito kinalijaza usiku, asubuhi linazibuliwa, na kila shamba linapata maji kwa zamu yake kwenye mfereji. Mzee Kiure ndiye aliyekuwa msimamizi. Kiangazi kile, mjane mmoja, bibi Nanzighe, alikuwa na maharage yanayokauka, na wanawe wote walikuwa wameshuka kwenye mashamba ya mkonge wasirudi. Sisi wasichana, mimi, Namsifu, na Eliwaza, ambaye baadaye aliolewa Maore, tulimwonea huruma. Tukaenda tukazibua ndiva yote, tukaelekeza kwake. Tulidhani tunamsaidia. Maji yakavunja kingo za mfereji, yakabeba maharage, udongo na mbolea, vikaishia korongoni.

Mzee Kiure hakupiga kelele. Alisema, "Mche haunywi mafuriko. Mche hunywa leo, na kesho hunywa tena. Mmempa mama huyu maji yake yote asubuhi moja. Kesho mtamnywesha nini? Huruma?" Akaendelea, "Basi mtakuja kila asubuhi na vibuyu, mnyweshe mashina yaliyobaki, mpaka mvua inyeshe." Tukaenda, tukinuna, tukisukumana, Namsifu akiimba vibaya makusudi ili tu tufukuzwe. Hatukufukuzwa.

Maharage mengi yalikufa hata hivyo. Mvua iliponyesha tukaenda kumwomba radhi bibi Nanzighe. Akatutazama kama watu waliokosea nyumba. "Maharage?" akasema. "Hayo nilishayasahau. Sauti zenu za asubuhi ndizo nilizokula mwaka huu."

Mwanangu, nilidhani bibi yule amezeeka vibaya. Nimelifahamu neno lake nikiwa na umri wake.

Nilimsimulia Elibariki, naye hakutazama simu. Hatukuongeza dawa yoyote ya kurekebisha dawa, maana hapo ndipo watu huua kabisa. Tuliacha pampu iende, tukakoroga maji mapya ya chumvi, tukabadilisha sehemu ya yale maji yaliyogeuka tui, tukangoja yatulie. Kesho yake maji yalikuwa yamefunguka, na matumbawe yakaanza kunyoosha vidole. Lakini samaki mmoja alikuwa amelala mchangani. Nilimzika chini ya mpapai. Akabaki mmoja, kama mimi, akizunguka kule na huku kana kwamba mwenzake amejificha nyuma ya jiwe.

Elibariki alipoondoka, gari likiwa tupu, hakuniahidi makubwa. Alisema, "Nitapiga asubuhi, Mama, ukitia nyekundu." Na anapiga. Si kila siku, sitakudanganya. Kuna asubuhi nakaa na bomba mkononi nikiitazama simu, kisha natia peke yangu, maana mwani hauli ahadi. Lakini asubuhi nyingi inalia. "Shikamoo Mama. Umetia?" "Marahaba. Nimetia." "Haya Mama." Hayo tu. Mtu akisikia atasema hawa hawana la kuzungumza.

Juzi jua la asubuhi lilipita dirishani likapiga kioo cha nyuma, pale nisipotazama. Nikaona doa. Nikavaa miwani, nikapiga magoti, haya magoti yangu ya uzee. Si juu ya jiwe alilolitaka, ni chini kwenye kona: waridi. Nikageuka kumwita mtu. Hakukuwa na mtu wa kumwita. Nikakaa palepale sakafuni mpaka simu ilipolia.

"Shikamoo Mama. Umetia?"

"Marahaba. Kuna waridi."

Nilisikia maji ya hotelini kwake yakitiririka.

"Kubwa?"

"Kama punje ya haragwe."

Akacheka, kisha kicheko kikakatika katikati, akavuta pumzi. "Usiiguse, Mama. Nakuja Jumamosi niione. Sina cha kuleta."

"Njoo hivyohivyo," nikamwambia.

Leo ni Ijumaa. Sijui kama atakuja. Nimefagia.

Basi mwanangu unayenisoma, ukiwa na boksi kama langu, tia dawa kidogo, kila siku, wala usizikutanishe, na usimimine ili kulipia siku ulizokosa. Jiwe lisilo na mbegu halilishwi, na lenye mbegu halikimbizwi. Na ukiwa na mama mahali fulani, iwe Bombo, Bendera au popote ulipomwacha, usingoje gari lijae. Haba na haba hujaza kibaba, wahenga walisema, lakini kibaba cha siku moja hakijazi mwaka. Mpigie asubuhi. Muulize kama ametia.

Mungu akupe ndiva isiyokauka, mwanangu, na mkono unaojua kuizibua kidogo. Nawe ukizeeka, asikosekane wa kukuamkia.