Nati ya Gurudumu la Kushoto

Pale gereji walimwita Rudia, na jina likamganda. Akishafunga nati, huifungua na kuifunga upya. Akishajaza oili, hupima mara tatu, kama mtu anayetafuta kosa la kumpeleka jela. Wateja walimtania kwamba siku akizikwa atafufuka kukagua kama kaburi limefukiwa sawasawa. Alicheka nao. Hakuwaambia kuwa woga ule ulimwingia tangu ujana wake, siku alipomwona dereva akichomolewa ndani ya lori lililong'oka gurudumu. Si yeye aliyelifunga gurudumu lile. Lakini alikuwepo, na macho yake yaliona.

Mdogo wa mkewe alikuwa mkaguzi wa bomba la maji. Bomba lilitoka mlimani, na kazi yake ilikuwa kulifuata mara mbili kwa wiki, kutafuta panapovuja na kusoma geji za presha. Alipewa kwadi, ile pikipiki ya magurudumu manne, ya manjano, iliyotengenezwa kwa mashindano ya uwanjani. Kwenye mchanga ilikuwa mshale. Kwenye mizizi na mawe ya njia ya bomba ilikuwa adhabu.

"Shemeji, hii kitu inanitwanga kama mahindi kinuni," alisema siku alipoileta, mkono kiunoni. "Na mawe yanavyogonga chini, nayasikia mpaka kwenye meno. Nitengenezee, la sivyo nitazeeka kabla ya dada."

Rudia aliishughulikia siku mbili. Alitoa shokapu fupi za zamani, akaweka ndefu zenye springi za kurekebishika. Alibadilisha mikono ya mbele, yale mabomba mawili mawili yanayobeba kila gurudumu, akaweka mipana zaidi. Chini ya tumbo alifunga bamba nene la aluminiamu, akaweka vikingio kwenye mikono ya mbele, bampa puani, na kinga za kuzuia matawi yasimchape shemeji vidole. Kisha akamkalisha juu na mkoba wake wa vifaa mgongoni, akapima springi zinavyobonyea, akakaza, akapima tena.

Kazi ya mwisho ilikuwa boljointi, viungo vya mviringo vinavyoshika gurudumu kwenye mikono yake. Vilikuwa vinne, na kila nati ilihitaji pini ya kuizuia isijifungue kwa mtikisiko. Alipanga pini nne juu ya kitambaa cheupe. Alikuwa kwenye kiungo cha chini cha kushoto, nati ameizungusha kwa vidole tu, pale lori la mchanga liliposimama getini na kuanza kupiga honi. Akaenda kufungua. Akabishana kidogo na dereva. Aliporudi, akainamia gurudumu la kulia, akiamini la kushoto alisharudia.

Saa mbili asubuhi iliyofuata shemeji alifika na helmeti kichwani. "Tayari?"

"Tayari."

Akaondoka akipunga mkono, kwadi ikielea juu ya mashimo kama haiyaoni.

Saa nne Rudia alianza kusafisha benchi. Akainua kopo la grisi, na chini yake kile kitambaa, na juu ya kitambaa pini moja.

Aliitazama. Kwanza alijiambia kuwa ni ya ziada. Kisha akakumbuka honi. Akafumba macho akajaribu kuiona mikono yake ikishika spana upande wa kushoto. Hakuiona. Alipiga simu, sauti ikamwambia namba haipatikani. Akapiga tena. Kule juu hakukuwa na mtandao, na alilijua hilo, ila vidole havikutaka kuelewa.

Hakufunga hata mlango wa gereji. Aliweka pini mfuko wa shati, akachukua spana mbili na koleo, akawasha pikipiki yake.

Barabara ya changarawe aliimaliza bila kujua ameimalizaje. Penye njia ya bomba ilibidi apunguze mwendo, maana upana wake haukuzidi hatua tatu, na upande wa kushoto mlima ulikatika ghafla. Upande wa kushoto! Nati ikitoka, gurudumu lingelala, na kwadi ingevutwa kulekule. Alifuata alama za matairi kama mtu anayesoma barua mbaya, akitaka kujua na asitake. Alama zilikuwa zimeachana sana juu ya mawe. Shemeji alikuwa anakwenda kasi.

Kwenye kona moja yenye mwamba alama zilipotea.

Alizima pikipiki. Kimya. Akasogea ukingoni, akachungulia. Chini kabisa, katikati ya vichaka, palikuwa na kitu cha manjano.

Alipiga kelele. Jina halikumjia, akabaki kuita, "Mdogo wangu! Mdogo wangu!" Alianza kuteremka kwa makalio, akishika majani. Hatua kumi, ishirini, ndipo akaona vizuri: pipa la zamani lenye kutu, limepakwa rangi ya manjano. Alikaa pale pale chini machozi yakimtoka, kisha akapanda tena kwa mikono na miguu. Ng'ambo ya mwamba, alama za matairi ziliendelea.

Alimkuta kwenye kibanda cha valvu, amevua helmeti, anaandika namba za geji. Shemeji alipomwona amejaa vumbi na kucha zinatoka damu, kalamu ilimwanguka.

"Nani amekufa? Ni dada?"

Rudia alitikisa kichwa. Akapiga magoti kwenye gurudumu la kushoto, akaingiza mkono nyuma ya rimu. Nati ilikuwa imening'inia kwenye ncha. Aliigusa, ikazunguka kwa kidole kimoja.

Shemeji alikuwa amesimama nyuma yake, haoni kitu. Hapo wazo lilimjia Rudia: funga, weka pini, sema ulikuja kukagua tu, watu watacheka, Rudia ni Rudia. Dakika mbili na mambo yameisha. Alilitamani wazo hilo kuliko maji.

"Njoo uone," alisema. "Hii sikuikaza. Na pini sikuiweka. Nilisahau."

Shemeji aliinama, akatazama, akainuka. Aligeuka kuiangalia njia aliyopitia, ukingo baada ya ukingo. Kisha akakaa chini.

"Nilikuwa nakimbiza, shemeji," alisema polepole. "Haitikisiki, nikasema leo nitaifaidi. Kuna jiwe limenikwangua chini, bamba likalipitisha, nikacheka peke yangu." Akaziba mdomo. "Nilikuwa nacheka."

Rudia alikaza nati. Pini ilimshinda, ikaanguka mara mbili. Shemeji akamnyang'anya koleo, akaichomeka mwenyewe, akakunja ncha za pini.

"Tangulia," alimwambia. "Ukikaa nyuma yangu nitaogopa zaidi."

Kwa hiyo Rudia alishuka mbele, bila kuona, akisikiliza injini tu. Kila ilipopungua kwenye kona, moyo ulisimama, na haukuanza kupiga mpaka aisikie ikipanda tena. Saa nzima ya namna hiyo. Walipofika kwenye changarawe shemeji alisimama kando yake.

"Dada asijue."

"Nitamwambia mimi."

Alimwambia mchana uleule, jikoni, akiwa amesimama. Mkewe alisikiliza hadi mwisho, akazima jiko, akatoka kwenda kwa mdogo wake. Siku tatu alimsemesha kwa maneno ya lazima: chumvi, ufunguo, maji. Siku ya nne alimuuliza, "Ulipokuwa unamwita kule bondeni, ulimwitaje?" Rudia akamwambia. Mkewe akaja kukaa karibu naye.

Shemeji alirudi na kwadi wiki iliyofuata, akitaka springi za nyuma zilegezwe kidogo. Rudia hakutarajia kumwona tena pale. Shemeji alivuta kigoda, akakaa, akatoa kichupa cha rangi nyeupe, na kila nati Rudia aliyoikaza akaitia alama kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa shemeji humpigia simu anapoanza kupanda, na nyingine akishashuka. Kati ya simu hizo mbili Rudia hagusi nati ya mtu. Anaosha vipuri, anafagia, anapanga spana kwa ukubwa wake. Mteja akiharakisha, humwambia wazi, bila haya: "Niache kidogo. Saa hizi naogopa."