Taa ya Disko na Ndevu za Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alitoka asubuhi kwenda kuvua akiwa na ndevu nyeupe. Alirudi mchana ndevu ni za bluu, zinameremeta, na ngumu kama sahani ya plastiki.

Aliyemfanyia hivyo ni mimi.

Ngojeni nianze mwanzo, maana mkisikia juujuu mtasema mimi mchawi.

Mimi ni fundi friji. Hiyo ndiyo kazi. Ugonjwa wangu ni kutengeneza chambo bandia: kisamaki cha madini ya risasi chenye ndoana. Unakipaka rangi, unakibandika macho, unakinyunyizia chenga za kumeta, halafu unakifunika kwa resini ili meno ya samaki yasile rangi.

Sasa resini ni gundi nzito yenye maringo. Haikauki kwa upepo. Inataka jua kali, au taa ya UV, ile ya mwanga wa zambarau.

Hapo kwenye taa ndipo nilipojipa uprofesa.

Mke wangu ni fundi kucha, saluni yake ni chumba chetu cha mbele. Ana kitaa chake kidogo, mteja anaingiza vidole, rangi inakauka. Siku ya kwanza aliniambia kwa upole kabisa, "Baba Pacha, si utumie hiki changu?"

Nikamjibu mbele ya wateja wake, "Mama, mimi navua samaki, siwapaki rangi za kucha."

Wateja walicheka. Yeye hakucheka.

Nikaenda kwa jamaa mmoja anayepamba kumbi za sherehe, nikanunua bomba refu la zambarau, la disko. Ukiliwasha, shati jeupe linawaka, meno yanawaka, hadi mba za kichwani zinawaka. Nikasema hii ndiyo taa. Sikuuliza resini inataka mwanga wa namna gani. Niliangalia inavyong'aa, basi.

Na ajabu, kazi ilikubali. Nalaza vyambo chini ya bomba jioni, kesho yake nikitoka kazini navikuta vigumu, ukivigonga kwa ukucha vinalia.

Kundi letu la wavuvi mtandaoni wakanibatiza Profesa wa Mwanga. Mtu akiuliza anunue taa gani, namwandikia gazeti zima. Akithubutu kutaja taa ya kucha, namsema hadi anafuta alichoandika.

Sasa njoo kwa baba mkwe. Kule ziwani wanamwita Mzee Fundo, kwa sababu fundo la kamba yake halijawahi kufunguliwa na samaki. Ana boti ndogo ya watu wawili. Mwenzake wa miaka yote alihamia kwa mwanawe, nafasi ikabaki wazi.

Niliitaka nafasi ile mpaka nikawa naiota. Tangu nimwoe binti yake, mzee hajawahi kuniita mwanangu. Ananiita yule bwana. "Yule bwana ameshakula?" anauliza, na mimi nimekaa ubavuni pake.

Siku moja akapata samaki wa maana kwa chambo nilichompa. Akampigia simu binti yake. "Mwambie yule bwana anijazie boksi. Vikinifaa, tutaongea habari ya boti."

Nikatengeneza vya bluu, boksi zima. Mke wangu hakuwepo, alikuwa amekwenda na watoto kwa dada yake aliyejifungua. Nyumba kimya, bomba linawaka usiku na mchana.

Nilipovigusa, vilinata.

Nikajiambia ni baridi tu, vitamalizikia ndani ya boksi. Profesa hakosei. Nikafunga, nikapeleka.

Mzee alifungua boksi akiwa katikati ya ziwa. Alivuta kimoja, kikaja na ukoo wake wote. Akakaa kuwaza. Na mzee yule akiwaza, hushika ndevu.

Jua nalo siku hiyo lilikuwa kali.

Hadi anafika nyumbani, vyambo vimekuwa donge moja lenye ndoana kila upande, na ndevu zimekuwa za dukani. Mama mkwe alijaribu mafuta ya kupikia, akajaribu sabuni, mwisho akachukua wembe. Hata yeye hakuwa amewahi kukiona kile kidevu.

Mke wangu aliporudi nilimweleza, nikailaumu resini.

"Uliikaushia wapi?"

"Kwenye taa yangu, wapi tena?"

Alikaa chini, akacheka hadi machozi. "Baba Pacha, ile taa mwanga wake hafifu, haijawahi kukausha kitu. Kila ukienda kazini nabeba trei yako saluni. Mteja akitoa mkono, naingiza chambo chako."

"Tangu lini?"

"Tangu kile cha kwanza kilipogandia kochi langu."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Mbele ya wateja."

Niliona aibu. Ningeweza kuendelea kuilaumu resini, zaidi ya mke wangu hakuna aliyejua. Lakini kesho yake nilikwenda kwa mzee. Alikuwa amekaa na mama mkwe, kidevu kitupu, sijui hata nikitazame wapi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Sema."

Nikasema. "Vile vizuri vyote alivikausha binti yako. Hivi vilivyokuharibia ndevu ndivyo vyangu."

Mzee alipeleka mkono kidevuni, haukukuta kitu. Mama mkwe akaanza kucheka kwa chini. "Na wewe mwambie basi."

"Nimwambie nini?"

"Mafundo."

Mzee alitazama ukuta. "Kamba zangu," alisema, "anafunga mama yako. Mimi nikifunga zinafunguka."

Halafu akasema, "Jumamosi boti inatoka. Nafasi ni mbili."

Nikamsogelea. "Mimi na wewe, baba?"

"Mama yako na binti yangu."

Jumamosi walikwenda. Walirudi na ndoo imejaa, na maneno yao ya kike ambayo hadi leo hatujaambiwa. Sisi tulibaki ufukweni na mapacha, mmoja analia, mwingine amekula mchanga.

Hapo ndipo mzee aliponigeukia. "Mwanangu," alisema, "mshike huyu, nami nimpanguse yule."

Miaka yote nimelisubiri neno lile, nimelipata nikiwa na nepi mkononi. Nililipokea hivyo hivyo.

Kwa hiyo ndugu zangu, taa ya kukaushia chambo chagua ile inayopatana na resini yako, usichague inayong'arisha meno. Na ukiona jambo lako linakwenda vizuri mno, kabla hujajiita profesa, uliza nani anabaki nyumbani ukishatoka.

Maswali mengine kuhusu taa, msinitumie mimi. Saluni inafunguliwa asubuhi.