Wiki Tuliyopitisha Hoja Hjulsta

Tuliondoka kwa sababu kaunti yetu ilikuwa imeishiwa. Kamati ya Bajeti, ambayo mimi ni mjumbe wake, ilikuwa na jambo moja la kuamua: tufunge zahanati ya pekee katika wadi yangu, au tukate kwingine? Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Barasa, akasema hatuwezi kukata bila kujifunza kukata, na Waswidi ni mabingwa wa kubana matumizi. Basi waheshimiwa watano tukapanda ndege kwenda Stockholm kujifunza kubana matumizi. Usicheke, msomaji. Kura ulinipa wewe.

Jumatatu, uwanja wa ndege. Mkalimani wetu alikuwa Rose Nekesa, binti wa wadi yangu, anayetunza wazee huko na kuishi Hjulsta, mwisho kabisa wa treni ya chini ya ardhi. Hata mizigo hatujachukua, akanivuta kando.

"Mheshimiwa, ni kweli mnafunga zahanati? Mama anachukua dawa za sukari pale. Hospitali kubwa hawezi kufika, miguu imekataa."

"Suala hilo liko mbele ya kamati, dada," nikajibu kwa uzoefu.

"Na kamati iko wapi?"

Nikageuka. Kamati ilikuwa inapiga picha na mlango unaojifungua wenyewe.

Jumanne tulipokewa na diwani wa mkoa, Bi Birgitta. Kumbe nao wana pengo la bajeti. Akatueleza kwamba kazi yake ni udaktari wa meno, udiwani anaufanya akishatoka kazini, na wenzake wengi ni hivyo hivyo. Barasa akaninong'oneza kwa huruma, "Maskini, hata siasa haiwalishi." Baada ya chakula cha mchana tukakaa kusikiliza kikao chao. Kila mmoja alisubiri zamu yake, hakuna aliyemtukana mwenzake, wakanywa kahawa, wakarudi, na mwishowe wakaamua kuunda kikundi cha kulitazama suala hilo upya. Hapo tukajisikia nyumbani.

Jumatano tuliendeleza mafunzo madukani.

Alhamisi jioni Rose alitualika kwake Hjulsta tule ugali kwa kuku. Kwanza, akasema, apitie mkutano wa wakazi katika chumba cha chini cha jengo lao. Tukamfuata, maana tulidhani umeitishwa kwa heshima yetu. Mwenyekiti alikuwa Mama Espérance, Mkongomani mnene mwenye miwani shingoni, aliyeongea Kiswidi muda mrefu. Kisha akapandisha sauti na kuuliza swali. Wakazi wote wakaanza kutazama viatu vyao.

Sasa, mwanasiasa akisikia mwenyekiti ameuliza kwa sauti ile, haulizi hoja ni ipi. Barasa akanguruma, "Ndiyo!" Nasi wanne tukamfuata, "Ndiyooo!" Chumba kikalipuka makofi. Tukasimama, tukainama kidogo kwa adabu.

Rose alikuwa ameshika mdomo. "Mmejitolea."

"Kujitolea nini?"

"Kukusanya majani yaliyoanguka uani, Jumamosi. Hapa wakazi husafisha wenyewe."

Barasa akaanza hotuba kwamba sisi ni wageni na ratiba imebana. Mama Espérance akamkatiza kwa upole, kalamu mkononi. "Aksanti, ba mheshimiwa. Mulisema ndiyo, tulisikia. Sasa kila mutu aseme jina yake, na saa gani atafika."

Akatupitia mmoja mmoja, akitutazama machoni. Nimeitikia ndiyo miaka yangu yote katika bunge la kaunti, na hakuna aliyewahi kuniuliza jina. Nilitaja langu kwa sauti ya mwanafunzi aliyechelewa.

Jumamosi asubuhi, basi, wakazi wa Hjulsta waliwaona waheshimiwa watano wenye suti wakivuta reki kwenye baridi. Barasa alitoka malengelenge kabla ya chai. Rose alifanya kazi kando yangu, na baada ya kitambo akauliza bila kuniangalia, "Zahanati ikifungwa, nimwambie Mama kafungiwa na nani?"

"Ni bunge, dada."

"Bunge linaitwa nani?"

Niliona haya, nasema wazi. Nikaendelea kuvuta majani ambayo yalikuwa yamekwisha kukusanywa.

Jumanne iliyofuata, nyumbani, hoja ya kufunga zahanati ililetwa mbele ya bunge. Spika akauliza, na ukumbi ukanguruma ndiyo kama kawaida yake. Nikasimama kudai kura ya majina. Kanuni inataka wajumbe kadhaa wasimame kumuunga mkono anayeidai. Bahati nzuri ilikuwa saa ya chai, na nusu ya bunge ilikuwa tayari imesimama. Spika akawahesabu, akaamuru milango ifungwe.

Redio ya kaunti ilikuwa hewani. Wa kwanza kuitwa alikuwa Mheshimiwa Barasa, ambaye wakwe zake wanatibiwa katika zahanati ile ile. Akakohoa. Akatazama kipaza sauti. "Hapana," akasema, karibu kwa kunong'ona. Aliyefuata naye akasema hapana. Tulipomaliza, zahanati ilikuwa imebaki wazi, na kamati ilipolazimika kukata kwingine, kilichokatwa ni fungu la safari za mafunzo.

Hivyo safari yetu ilikuwa ya mwisho, na huenda ndiyo pekee iliyofundisha kitu. Nilichojifunza ni hiki: tukiwa kundi tunaweza kumfungia mgonjwa mlango na kwenda kunywa chai. Lakini mtu akiitwa kwa jina lake, hukumbuka mama yake anatibiwa wapi.